Mapitio ya kifurushi cha F3: kuisoma delta ya kale kwa visima vinne

Mtu anayejifunza kutafsiri mashapo ya delta za kale hukwama mapema kwa sababu isiyohusiana na akili wala bidii yake, nayo ni kwamba data za visima zina wenyewe. Kisima kimoja cha utafutaji baharini hugharimu mamilioni ya dola, na logi zake, yaani vipimo vya mwamba vinavyochukuliwa kisimani kadiri kina kinavyoongezeka, hufungiwa na kampuni au mamlaka ya nchi kwa masharti ya usiri, hivi kwamba mwanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi anaweza kuhitimu shahada yake akiwa ameona logi za kitabuni tu, zilizochorwa upya na kusafishwa mpaka kila mchanga unajitambulisha wenyewe. Ndiyo maana nakipa uzito mkubwa kifurushi cha data kiitwacho F3, kinachotolewa bure na kampuni ya Uholanzi ya dGB Earth Sciences ili kitumike pamoja na programu yake ya OpendTect. Nimekitumia kujifunzia na kufundishia, na hapa ninakipima kwa swali moja: je, mtu aliyekipitia kwa makini atakuwa amejifunza kuisoma delta kwa namna itakayomfaa katika utafutaji wa mafuta na gesi?

Data hizi zinatokana na utafiti wa mitetemo wa pande tatu, yaani picha ya matabaka inayopatikana kwa kutuma mawimbi ya sauti ardhini na kupokea mwangwi wake, uliofanywa mwaka 1987 katika kitalu cha F3, kwenye sekta ya Uholanzi ya Bahari ya Kaskazini. Eneo lake ni takriban kilomita 16 kwa 24, mistari yake imeachana kwa mita 25, na ndani yake vimo visima vinne vya wima, yaani F02-1, F03-2, F03-4 na F06-1. Utafiti huo haukulenga delta. Ulilenga mafuta na gesi katika miamba ya mwisho wa Jurasiki na mwanzo wa Kretasia, iliyo chini zaidi, na mashapo ya delta yalikuwa ya kupitiwa tu njiani. Hata hivyo, katika milisekunde 1,200 za juu (kina hapa hupimwa kwa muda wa sauti kwenda na kurudi), zenye mashapo ya vipindi vya karibuni zaidi vya Miosini, Pliosini na Pleistosini, limehifadhiwa rundo kubwa la mchanga na tope lililoletwa na mto ambao wanajiolojia wameupa jina la Eridanos, mto uliokusanya maji ya Skandinavia na ya eneo la Baltiki na kuyamwaga baharini kutokea upande wa mashariki, mpaka barafu kuu za Pleistosini zilipoufuta.

Nianze na visima, kwa kuwa ndivyo hasa vinavyonihusu. Visima vyote vinne vina logi ya mionzi ya gama na logi ya sauti, inayopima kasi ya sauti ndani ya mwamba, na kwa logi ya gama pekee mwanafunzi anaweza kuanza kazi siku hiyo hiyo. Udongo wa mfinyanzi hubeba potasiamu, thoriamu na urani kwa wingi, hivyo tope husomeka kwa gama ya juu, ilhali mchanga safi wa kwatzi husomeka kwa gama ya chini. Delta inaposonga mbele kuelekea baharini, tope la maji yenye kina hufunikwa na mchanganyiko wa tope na mchanga laini, kisha na fungu la mchanga lililojengeka mdomoni mwa mto, na kwenye logi mfuatano huo huonekana kama mstari wa gama unaorudi kushoto taratibu kadiri unavyopanda, umbo ambalo wenye fani huliita faneli. Mkondo uliokata delta na baadaye ukajaa mashapo huacha umbo la kinyume, mchanga mnene chini na tope juu, nalo huitwa kengele. Juu ya faneli, mstari ukiruka ghafla kulia kurudi kwenye tope, hapo bahari ilipanda na kuifunika delta, au mto ulihamia kwingine na fungu likazama. Katika logi za F3 faneli hizo zipo, zimepangana moja juu ya nyingine, ila si safi kama za kitabuni. Baadhi zimevunjwa na vipande vyembamba vilivyogandishwa kwa kaboneti, ambavyo huikimbiza logi ya sauti, na msomaji asiye mwangalifu anaweza kuvifanya kuwa mipaka mikubwa ya matabaka. Uchafu huo ni faida kubwa ya kifurushi hiki, kwa sababu kazini hakuna logi isiyo na vitu vya aina hiyo.

Sasa nifikie jambo linalokifanya F3 kiwe mwalimu wa kweli, na nitalikalia kwa muda. Mchukue mwanafunzi, mfungie kabisa data za mitetemo, mpe logi nne za gama, kisha mwambie aunganishe visima hivyo kwa mistari inayoonyesha tabaka lipi la kisima hiki ni lilelile la kisima kile. Karibu kila mmoja atafanya jambo lililo la kawaida kwa jicho la binadamu: ataunganisha mchanga na mchanga, tope na tope, kwa mistari inayokaribia kulala sawa, na atapata picha nzuri ya shuka moja pana la mchanga lililotandazwa juu ya shuka la tope. Picha hiyo itakuwa na mantiki, itapendeza, na itaweza kutetewa mbele ya darasa. Kisha mfungulie data za mitetemo zinazopita kwenye visima hivyohivyo. Ataona kwamba nyuso za tabaka hazilali. Zinaanza juu karibu na mlalo, zinateremka kwa mkunjo mpana kama wa herufi S, kisha zinalala tena chini ambako zinakufa juu ya uso wa zamani zaidi, na kila mteremko umelazwa mbele ya uliotangulia, kuelekea bahari ilikokuwa.

Kila mteremko wa namna hiyo ni uso wa delta wa wakati mmoja, na juu yake mchanga wa ufukoni, tope la mtelemkoni na mashapo ya kina kirefu vilitua kwa pamoja. Kwa hiyo mchanga wa kisima kimoja unaweza kuwa rika moja na tope la kisima cha pili, na mchanga wa visima viwili unaofanana kwa umbo, kwa unene na kwa usomaji wa gama unaweza kuwa umetengana kwa muda mrefu sana. Mantiki hii ina zaidi ya karne moja, kwani G. K. Gilbert aliieleza kwa delta za kale za Ziwa Bonneville huko Marekani mwaka 1885, akitenga matabaka ya juu, ya mtelemko na ya chini. Lakini kuisoma ni jambo moja, na kuiona ikiipindua michoro uliyoichora kwa mkono wako ni jambo lingine kabisa.

Hesabu yenyewe ni ndogo, na inafaa kila mwanafunzi aifanye. Mtelemko wa digrii 1, ambao kwa mtu aliyesimama juu yake ungeonekana tambarare, ukifuatwa kwa kilomita 5 hushuka takriban mita 87. Visima vya utafutaji mara nyingi huachana kwa umbali huo au zaidi. Maana yake ni kwamba mtu anayeunganisha logi kwa mistari ya mlalo katika delta anaweza kuruka miteremko kadhaa bila kujua, kila mmoja ukiwa na fungu lake la mchanga na tope lake la kulifunika.

Kwa mtafuta mafuta tofauti hii inagusa fedha moja kwa moja. Shuka moja pana la mchanga linaahidi hifadhi kubwa iliyounganika, ambayo visima vichache vitatosha kuikamua, na ambayo shinikizo lake litashuka kwa pamoja. Mafungu yaliyolazwa kama vigae, yakitenganishwa na tope jembamba, yanaweza kuwa na mipaka tofauti ya maji na mafuta, yanaweza kuwa na shinikizo tofauti, na maji yanayopigwa kisima kimoja ili kuyasukuma mafuta yaelekee kingine huenda yasifike kamwe. Logi ni zilezile katika tafsiri zote mbili. Kilichobadilika ni mistari iliyochorwa katikati ya visima, mahali ambapo hakuna aliyepima. Sijaona kifurushi kingine cha bure kinachoufanya ukweli huu uonekane kwa haraka na kwa uwazi kama F3, na kwa hilo pekee ningekipendekeza kwa kila idara ya jiolojia.

Chini ya miteremko hiyo kuna jambo jingine la thamani. Data zinaonyesha vipande vilivyopangana kama vigae kwenye kitako cha delta, na maelezo yanayoambatana na kifurushi yanavitambua kuwa ni mchanga ulioporomoka na kusafirishwa na mikondo mizito ya tope hadi kwenye kina. Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kusimama hapa. Mto unapofikisha mchanga ukingoni mwa rafu ya bara, sehemu ya mchanga huo huvuka na kutua kwenye kina kirefu, na gesi iliyogunduliwa katika bahari kuu ya kusini mwa Tanzania, kuanzia kisima cha Pweza mwaka 2010, imo katika mchanga wa maji ya kina wa aina hiyo. Mtu aliyezoea kufikiri kwamba delta huishia pale mchanga wa ufukoni unapokoma atakuwa ameacha nusu ya mfumo nje ya ramani yake. F3 kinaonyesha nusu zote mbili ndani ya sehemu moja, ingawa kwa kipimo kidogo kuliko kile cha pwani yetu.

Sehemu ninayoikubali kwa masharti ni ile ya densiti na uwazi wa mwamba, yaani sehemu ya mwamba iliyo matundu. Ni visima viwili tu, F02-1 na F03-2, vilivyokuwa na logi ya densiti katika mashapo haya. Kwa F03-4 na F06-1, watayarishaji walifundisha mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kwa visima viwili vya kwanza, kisha wakautumia kukisia densiti kutokana na gama na sauti. Baadaye uwazi wa mwamba ulikokotolewa kwa visima vyote kwa kanuni moja: toa densiti iliyopimwa kwenye 2.65, kisha gawa kwa tofauti kati ya 2.65, densiti ya kwatzi, na 1.05, densiti ya maji ya chumvi. Densiti ya 2.25, kwa mfano, inatoa asilimia 25, na kwa jumla mashapo haya yanasemwa kuwa na uwazi wa asilimia 20 hadi 33, kiwango cha kawaida kwa mchanga wa umri mdogo ambao haujazikwa kwa kina kikubwa. Watayarishaji wameeleza hatua hizi zote bila kuficha, na nawaheshimu kwa hilo.

Hata hivyo kanuni hiyo ina mambo mawili inayoyachukulia kuwa kweli kila mahali: kwamba punje zote ni kwatzi, na kwamba matundu yote yamejaa maji ya chumvi. Katika tope la mbele ya delta, dhana ya kwanza haishiki, kwa hiyo namba inayotoka hapo isitumiwe kama uwezo wa mwamba kuhifadhi chochote. Palipo na gesi, dhana ya pili inavunjika, densiti inashuka kwa sababu ya gesi, na kanuni inatangaza uwazi mkubwa kuliko uliopo. Katika visima viwili vilivyokisiwa tatizo linazidi, kwa sababu namba ya mwisho ni ukokotoaji uliojengwa juu ya makisio. Kwenye skrini, mistari ya uwazi ya visima vyote vinne inafanana kwa sura na kwa rangi, na hakuna kinachomzuia mwanafunzi kuiamini kwa kiwango kimoja. Mwalimu anayetumia kifurushi hiki aanze kwa kuwaeleza wanafunzi tofauti hiyo, na awatake waandike neno "imekisiwa" juu ya kila mchoro unaotumia F03-4 au F06-1.

Kuhusu gesi yenyewe, data za mitetemo zina madoa angavu, yaani sehemu zenye mwangwi mkali, yanayotambulika kirahisi, na yanatokana na gesi iliyozalishwa na bakteria katika mashapo machanga, ambayo imenaswa kwenye mchanga wa delta. Mtu asiyafikirie madoa hayo kuwa mapambo. Katika sekta hiyohiyo ya Uholanzi, uwanja wa A12 ulianza kuzalisha gesi ya aina hiyo mwaka 2007 kutoka katika mashapo ya Eridanos, baada ya miaka mingi ambayo gesi ya kina kifupi ilitazamwa zaidi kama hatari kwa wachimbaji. Zoezi zuri ni kufuata doa moja, kuuliza limekaa juu ya uso upi wa delta, kimelifunika nini, na kama umbo lake linafuata mkunjo wa tabaka au linakatwa na ufa.

Yapo mambo ambayo kifurushi hiki hakiwezi kukufundisha, na ni haki kuyasema wazi. Hakina sampuli za mwamba zilizotolewa kisimani, kwa hiyo huwezi kuthibitisha kwa jicho kama faneli uliyoiona ilijengwa na mto, na mawimbi, au na maji ya kupwa na kujaa. Pembetatu ambayo Galloway aliipendekeza mwaka 1975, inayogawa delta kwa nguvu hizo tatu, inahitaji ushahidi wa miundo midogo ndani ya mchanga au umbo la mchanga kwenye ramani, na umbo la logi halitoshi: ufuko uliojengwa na mawimbi mbali na mto wowote nao huacha faneli. Ukosefu huu una uzito zaidi kwa anayekusudia kufanya kazi kwenye pwani yetu. Delta ya Rufiji ya leo, yenye mikoko, vijito vingi na bahari inayopanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, ingeacha kwenye logi matabaka membamba yanayopishana ya mchanga na tope, tofauti na mafungu mapana ya Eridanos. Anayekwenda kusoma visima vya Mnazi Bay, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982 katika mashapo yaliyoletwa na mto Ruvuma, au visima vya Ziwa Albert nchini Uganda, ambako delta zilijengwa ndani ya ziwa bila kupwa na kujaa, aichukue F3 kama mazoezi ya kufikiri, asiibebe kama kielelezo cha kulinganishia.

Pia logi ya ukinzani wa umeme, ambayo ndiyo huanza kutofautisha maji ya chumvi na mafuta, haimo miongoni mwa logi zinazoelezwa kwenye kifurushi, na kwa hiyo somo la kukadiria kiasi cha mafuta kwenye matundu ya mwamba litafutwe kwingine.

Programu ya OpendTect nitaigusia kwa ufupi. Sehemu yake ya msingi ni bure na msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na inatosha kwa kutazama logi, kufuata nyuso za tabaka na kulinganisha kisima na mitetemo. Viongezo vya hali ya juu ni vya kulipia. Kompyuta iwe na kadi nzuri ya michoro, na faili lipakuliwe penye intaneti ya uhakika kwa sababu ni kubwa. Lugha ya maelekezo ni Kiingereza cha kitaalamu, na anayeanza atahitaji mtu wa kumshika mkono mwanzoni, hasa katika hatua ya kuoanisha kina cha kisima, kinachopimwa kwa mita, na data za mitetemo, zinazopimwa kwa muda wa sauti kwenda na kurudi. Hatua hiyo isirukwe. Logi hupima takriban kila sentimita 15, ilhali mitetemo katika mashapo kama haya, tukichukulia kasi ya mita 2,000 kwa sekunde na masafa ya hezi 50, haitenganishi kitu chembamba kuliko mita 10 hivi, kwa hiyo faneli ndogo iliyo dhahiri kwenye gama inaweza isionekane kabisa kwenye mitetemo, na si kosa la yeyote.

Leseni inaruhusu kutumia, kugawa na hata kubadilisha data hizi mradi chanzo kitajwe na kazi inayotokana nazo itolewe kwa masharti yaleyale, na hilo linamwezesha mwalimu kuandaa mazoezi yake mwenyewe kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa. Kwa anayetaka kuendelea zaidi, Uholanzi huweka wazi data za visima vyake baada ya muda wa usiri kupita, kupitia tovuti ya serikali iitwayo NLOG, na humo anaweza kutafuta visima vya jirani na kuipanua picha nje ya mipaka ya kifurushi.

Nikiulizwa mpangilio wa kazi, ningeanza na F02-1 na F03-2, kwa sababu densiti yake imepimwa, nikachora mipaka ya kila faneli kwa penseli kwenye karatasi, nikaandika pembeni sababu ya kila mpaka, kisha nikaviongeza F03-4 na F06-1 kwa gama na sauti pekee. Nyuso zilizokwisha kufuatwa na watayarishaji, zenye majina kama FS4, MFS4 na FS8, ningezificha mpaka mwanafunzi awe amefuata zake, kwani zikionekana mapema jicho huzitii. Mitetemo ningeifungua baada ya mchoro wa visima kukamilika na kutiwa tarehe, na mchoro huo wa kwanza ningeuhifadhi pamoja na wa mwisho ili yote miwili isahihishwe.